Mataruma

Wewe, mguu wa kushoto,
nakuandikia kwa herufi zinazonywea:
naanza mstari na ng'ombe, naumaliza na sisimizi.

Miaka ishirini na sita tulikagua njia ya Tazara pamoja,
Iyunga kuelekea Inyala,
nyundo ya mpini mrefu begani, spana kiunoni,
umande wa Juni ukitulowesha magoti.
Taruma kwa taruma. Hukuuliza kitu.
Mataruma yale ya zege yalipangwa
karibu mno kwa mtu mwenye haraka,
mbali mno kwa mtu mwenye huzuni,
na sisi tukajifunza mwendo wa katikati.

Sasa mlango wa chooni tu unakushinda.
Unafika kizingitini, unagoma
kama mbuzi aliyeona daraja.
Mwili umekwisha kwenda, wewe umebaki.
Subilaga anasema, "Twende basi, baba Gwakisa,"
na mimi, ambaye sauti yangu iliwahi kusimamisha genge zima,
nanong'ona: siyo mimi, ni huyu.

Jumanne, hospitali. Atuganile, binti wa mazoezi,
akanivisha miwani mizito kama ya mchomelea vyuma,
akanishika mkanda kwa nyuma.
Mara ya kwanza nikaona bahari:
mchanga, mipira ya rangi ikielea, eti niidake.
Nikamwambia, binti, mimi mtu wa Igawilo,
bahari nimeiona mara moja, nikaharisha siku tatu.
Niondolee.
Akacheka, akabonyeza.
Ukaja uwanja mtupu, na chini
mistari myeupe, mmoja nyuma ya mwingine, ikinijia.

Nani asiyewatambua nduguze?

Ukanyanyuka, wewe mkaidi!
Kila mstari ukikanyagwa sawa, kengele ndogo: ting.
Ukikosewa, kimya.
Thelathini. Arobaini na moja.
Mkono wa kulia ukaacha kuhesabu noti zake zisizokuwepo.
Nikajisahau, nikainama kutafuta bolti iliyolegea;
Atuganile akavuta mkanda. "Mzee! Hapo hakuna kitu."
Kweli, hakukuwa na kitu.
Hakukuwa na kitu, na wewe ulikuwa unatembea juu yake.

Wiki ya nne umeme ukakatika katikati ya njia.
Ndani ya miwani giza la handaki.
Nikavua. Sakafu ya hospitali, saruji nyekundu iliyosuguliwa,
haina mstari hata wa dawa.
Ukaganda. Watu wa foleni wakatutazama,
kisha kwa adabu wakatazama dari.
Atuganile akahesabu kwa mdomo, moja, mbili, moja, mbili,
tukafika kitini kwa kuhesabiwa, kama magunia ya viazi.

Sikudanganyi: mchezo ule hauponyi.
Daktari alisema, nami nilikuwa nimejua kabla hajafungua faili.
Kidonge cha saa nne kikichelewa
reli nzima inasimama.

Ila Jumamosi Subilaga alikata mfuko wa mbolea,
vipande vyeupe, akavibandika kwa gundi ya viatu
toka kitandani, ukumbini, mpaka jikoni.
Alipimia mwiko wa ugali.
Nikamwambia, wa nne umeuweka mbali.
Akasema, mwiko uliteleza. Ruka.

Usiku huu nimeamka peke yangu, kiu.
Baridi imeshika mabati, yanalia.
Huko Iyunga treni ya mizigo imepiga honi,
ndefu, halafu fupi, kama mtu aliyeghairi.
Wa kwanza tumepita. Wa pili. Wa tatu.
Wa nne uko mbali, kweli.

Tumesimama.
Mkono umerudia noti zake.
Nakungoja, sikusukumi.
Treni yetu wenyewe
lini iliwahi kufika kwa wakati?